Fremu za zamani za Kiitaliano: achana na stika, igeuze juu chini

Mtu akija kunionyesha fremu ya zamani ya mbio ya Kiitaliano, kitu cha kwanza anachoninyooshea kidole ni stika. Jina kubwa kwenye bomba la chini, mistari ya rangi za bingwa wa dunia kwenye bomba la siti, kastika kadogo ka Columbus (watengeneza mabomba) pale pembeni, basi, ishakuwa Colnago, ishakuwa De Rosa, na bei ishapaa. Mi namsikiliza tu vizuri alafu naomba ruhusa ya kuigeuza fremu juu chini. Stika siku hizi zinauzwa mpya seti nzima, zinabandikwa chap, zikipigwa vanishi juu huwezi kujua kama ni za 1978 au za juzi. Chuma chenyewe ndo kigumu kughushi, maana hakuna mtu atakayehangaika kukata thredi upya na kubadilisha lagi (zile soketi za chuma zinazounganisha mabomba) ili tu amuuzie mtu fremu ya mitumba.

Na tusidanganyane, hata enzi zile zile stika haikuwa ushahidi wa nani aliichomelea fremu. Eddy Merckx, yule mkimbiaji wa Ubelgiji, akiwa timu ya Molteni alikimbia na baiskeli zenye jina lake mwenyewe ubavuni, wakati fremu alitengenezewa na Ernesto Colnago wa Cambiago mwanzoni mwa miaka ya 70, baadae na Ugo De Rosa wa Cusano Milanino. Faliero Masi, yule ambaye karakana yake ilikuwa chini ya uwanja wa Vigorelli pale Milano, alitengenezea wakimbiaji kibao fremu ambazo ziliishia kupakwa rangi za timu na jina la mdhamini. Dario Pegoretti naye kabla jina lake halijawa jina, alipiga miaka mingi kazi ya kuchomelea fremu za majina ya watu wengine. Ilikuwa biashara ya kawaida kabisa, karakana ndogo inapokea oda, inatengeneza fremu mbichi bila rangi, mwenye jina anapaka na kubandika. Kwa hiyo ukiniuliza "hii ni Colnago kweli?" mi nakujibu kwanza tuone ni fremu ya namna gani, ya miaka gani hivi, imetengenezwa kwa uangalifu au kwa haraka, jina tutalijua mwishoni kama litajulikana.

Naanzia chini, kwenye botomu braketi, yaani kale kasilinda kafupi ambako ekseli ya pedeli inapita na mabomba yanakutana. Italia walikuwa na kipimo chao na hawakuwa na mpango wa kumfuata mtu: upana 70 mm, thredi kipenyo 36 mm zenye meno 24 kwa kila inchi (ndio, milimita na inchi kwenye kipimo kimoja, usiniulize mimi), na pande zote mbili zinakazwa kwa kulia. Waingereza wao upana 68 mm, kipenyo inchi 1.37, meno 24 hayo hayo, ila upande wa cheni unakazwa kwa kushoto. Wafaransa kipenyo 35 mm, toka jino hadi jino milimita 1, pande zote kulia. Chukua kalipa, pima upana, ukipata 70 umeshajua mengi. Kama vikombe vya zamani (vile vinavyokazwa kwenye thredi na kushika bearingi za ekseli) bado vimo, futa grisi uangalie uso wa kikombe, vya Campagnolo (kampuni ya vipuri) vya kipimo cha Kiitaliano vimegongwa 36 x 24 na vya Kiingereza 1.370 x 24. Kuna fremu za Italia zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la nje zikakatwa thredi ya Kiingereza, zipo, kwa hiyo 68 haimaanishi moja kwa moja umepigwa, lakini ukiona 68 kwenye fremu ambayo kila kitu kingine kinadai ni ya mbio ya Milano ya mwaka 72 anza kuuliza maswali.

Hii habari ya pande zote kukazwa kulia inasumbua watu wanaozitumia baiskeli hizi barabarani mpaka leo, na sababu yake inafaa kuelezwa vizuri. Ukikanyaga pedeli mzigo unazunguka ndani ya kikombe, yaani shinikizo haliko sehemu moja, linatembea duara zima, na huo mzunguko unakisukuma kikombe taratibu kwenda kinyume na mwendo wa krenki, yaani ule mkono wa pedeli. Ukisimama upande wa cheni krenki inazunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo kikombe kinasukumwa kinyume cha mshale wa saa, na hiyo ndo njia hasa ya kufungua thredi ya kawaida. Mwingereza akaweka thredi ya kushoto upande ule, kikombe kikisukumwa kinajikaza chenyewe. Muitaliano akaacha vile vile na kumwambia fundi akaze kwelikweli. Mi mwenyewe napaka gundi ya thredi upande wa cheni na nakaza kwa spana ndefu mpaka naona aibu, na bado baada ya safari za mvua naangalia. Ukisikia mlio wa tik tik kila ukikanyaga mguu wa kulia na fremu yako ni ya Kiitaliano usianze kubadilisha pedeli na cheni, anzia hapo.

Faida moja ya hiyo 36 mm ni kwamba ndo kubwa kuliko zote za zamani. Botomu braketi ya Kiingereza au ya Kifaransa ikiharibika thredi fundi anaweza kuikata upya iwe ya Kiitaliano na maisha yakaendelea (ndo maana nayo usishangae kukuta fremu ya Kifaransa kabisa ina vikombe vya Italia ndani). Ya Kiitaliano ikiharibika huna pa kwenda, unabaki kutafuta zile ekseli zisizotumia thredi, zinazobana kwa mashavu pembeni, Mavic waliwahi kutengeneza nzuri sana za namna hiyo.

Ukishatoa vikombe usikimbilie kusafisha, washa tochi uchungulie ndani kwanza. Huku ndani hakuna aliyepaka rangi wala kupiga polishi kwa ajili ya mteja, na mi nikipewa dakika tano tu na fremu dakika nne nazitumia hapa. Utaona midomo ya mabomba ikiingia kwenye silinda, bomba la siti kutoka juu, bomba la chini kutoka mbele, na stei mbili za cheni, yale mabomba membamba yanayokwenda kwenye gurudumu la nyuma, kutoka nyuma. Angalia kama midomo imekatwa kufuata mviringo wa silinda au imebaki imejitokeza kama ilivyokatwa na msumeno. Angalia brasi, ile shaba ya manjano iliyotumika kulehemu: inatakiwa ionekane imezunguka mshono wote, mstari mwembamba wa manjano bila kukatika. Sehemu ikiwa na pengo jeusi, maana yake moto haukufika vizuri pale au uchafu ulizuia brasi kutembea. Fremu nyingi tu za majina makubwa zina mapengo, na zimetembea miaka arobaini bila kukatika, kwa hiyo sisemi uitupe, nasema ujue fundi alikuwa na haraka.

Halafu tafuta pini. Karakana nyingi za Italia walikuwa wanapanga fremu kwenye jigi (kifaa cha kushikilia mabomba mahali pake), wanatoboa katundu kadogo kupitia lagi na bomba, wanapigilia kapini ka chuma kila kitu kikae sawa, kisha kiungo kizima kinapelekwa kwenye moto wa gesi wenye midomo mingi unaochemsha pande zote kwa pamoja mpaka kiwe chekundu na brasi iyeyuke iingie. Vichwa vya pini kwa nje vinapigwa tupa na kufunikwa rangi huvioni, ila ndani ya botomu braketi vinabaki, vinukta viduara vidogo, wakati mwingine pini imetokeza milimita kadhaa ndani ya bomba. Ukizikuta utaelewa kwamba fremu hii haikuchomelewa na mzee mmoja na tochi moja huku anapiga mluzi kama wanavyopenda kusimulia wauzaji. Na wala si kasoro, moto wa namna ile unachemsha kiungo sawasawa na chuma hakipati shoti ya joto upande mmoja. Mi naona tumeipamba mno ile hadithi ya mzee na tochi.

Joto ndo adui mkubwa wa hizi fremu, na hapa inabidi tuongee mabomba. Columbus, kampuni ya Angelo Luigi Colombo iliyoanza Milano 1919, ndo ilikuwa inalisha karibu Italia yote ya mbio. Bomba lao maarufu zaidi ni SL, chuma chenye kromu na molibdeni, bomba la juu kipenyo 25.4 mm, la chini na la siti 28.6 mm, na ukuta wa bomba mnene miishoni mwembamba katikati: 0.9 mm kwenye kiungo, 0.6 katikati, 0.9 tena upande wa pili. SP ni ndugu yake mzito, 1.0 kwa 0.7 kwa 1.0, kwa ajili ya fremu kubwa na watu wazito au barabara mbovu, na mafundi wengi walikuwa wanachanganya, mabomba mengine ya mbele SL, la chini na stei za cheni SP. Wazo lenyewe la bomba nene miishoni ni la Waingereza, Reynolds wa Birmingham waliliandikisha hataza 1897, Waitaliano walilichukua wakalifanyia kazi yao. Brasi inahitaji karibu nyuzi 900 za sentigredi kuyeyuka na kutembea vizuri, fedha inatosheka na 650 hadi 700 hivi lakini ni ghali na inataka nafasi kati ya bomba na lagi iwe finyu sana. Waitaliano wengi walipiga brasi. Kwenye kiungo chenye ukuta wa 0.9 na lagi juu yake chuma kinavumilia, ila ukienda kuchomelea kitu katikati ya bomba kwenye 0.6 unachoma sehemu dhaifu kuliko zote, na hili tutalirudia kidogo mbele.

Sasa utajuaje bomba ni SL na sio la bei rahisi lenye stika ya SL? Kipenyo cha nguzo ya siti. Bomba la siti la SL kwa juu lina ukuta wa 0.6, lile unene liko upande wa chini tu. Chukua 28.6 toa 0.6 mara mbili, unapata 27.4, ukiacha nafasi kidogo ya kuteleza nguzo inayoingia ni 27.2. SP ina 0.7 juu kwa hiyo unaangukia 27.0, au 26.8 kama lagi imebanwa sana. Muuzaji akikwambia SL na nguzo iliyomo ndani ni 26.2 na imekaa vizuri bila kulazimishwa, muulize hiyo SL ya wapi. Angalia pia usije ukakuta mtu kaweka nguzo ndogo kisha kakaza bolti mpaka masikio ya lagi yamegusana, hapo kipimo cha nguzo hakikwambii kitu, pima tundu lenyewe.

SLX ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 80, ni SL iliyoongezewa matuta matano membamba yanayozunguka kwa ndani ya bomba karibu na botomu braketi. Hizi ni raha kuzitambua, unaingiza kidole kwenye mdomo wa bomba la chini au la siti ukiwa umetoa ekseli, unayasikia matuta kabisa yanapinda. Tahadhari moja: bomba la foko (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) linaloingia kichwani la Columbus lina matuta ya namna hiyo hiyo hata kwenye SL na SP, kwa hiyo mtu akitoa foko akakuonyesha matuta mle ndani akasema "si unaona, SLX" mwambie asante, alafu rudi chini kwenye botomu braketi ujiridhishe. Pale kwenye bomba la foko pia ndo unatafuta kanjiwa ka Columbus, nembo yao, kaliyogongwa kwenye chuma. Njiwa wa kugongwa namwamini kuliko wa kubandikwa, ingawa anakwambia habari za foko tu, na foko hubadilishwa.

Lagi. Hapa ndo watu wanapendaga kukaa muda mrefu na kamera na mi siwalaumu, lakini nitakuwa mfupi kidogo kwa sababu urembo mwingi wa lagi unaweza kudanganya. Za zamani zilikuwa za bati nene lililokunjwa na kuchomelewa, zinakuja nene na fundi anazipiga tupa mpaka kingo ziwe nyembamba, na huo upigaji tupa ndo unamtofautisha fundi na fundi. Pitisha ukucha kwenye ncha ya lagi pale inapolala juu ya bomba la juu: kwenye Masi Gran Criterium nzuri ukucha unapita bila kukwama, ncha imekonda mpaka inakaribia kuisha yenyewe ndani ya bomba. Kwenye fremu ya haraka ukucha unagonga ukuta. Kuanzia miaka ya 70 kuelekea mwishoni zikaanza kuenea lagi za kusubu kwa nta, zinatoka kwenye kalibu zikiwa karibu kumaliza, kipimo kimenyooka, kazi ya tupa imepungua sana. Mafundi wengine wakaanza kuonekana mahodari kumbe kalibu ndo hodari. Cinelli walikuwa mbele sana kwenye haya mambo ya kusubu, botomu braketi zao walikuwa wanawauzia na mafundi wengine, kwa hiyo ukikuta maandishi ya Cinelli kwenye botomu braketi usishangilie kwamba umepata Supercorsa, fremu yao maarufu.

Alama za kukatwa kwenye lagi zinasaidia: ua la klabu ya karata ni Colnago, moyo ni De Rosa, nyota ni Guerciotti, vitundu vitatu vya mviringo ni Cinelli. Ila tazama kingo za alama yenyewe. Ya kiwandani imepigwa tupa ndani, kona zake safi na rangi imeingia sawasawa, ya kughushi inaonekana mtu katoboa kwa drili kisha akahangaika.

Taji la foko (pale juu miguu yake miwili inapokutana) na kiungo cha siti vinazungumza zaidi kuliko hizo alama. Cinelli Supercorsa ina taji lenye mabega yanayoteremka kabisa, bila ule ubapa juu, na stei za siti zinazoishia nyuma ya lagi zikibanwa na bolti ya aleni inayopita ndani yake. Cino Cinelli mwenyewe alikuwa mkimbiaji, alishinda Giro di Lombardia 1938 na Milano-Sanremo 1943, na ukiitazama ile fremu unaona mtu aliyekuwa anapunguza vitu vinavyotokeza nje. Masi kwa miaka mingi alitumia taji la sahani mbili, tambarare, la kizamani na zuri kupita maelezo (huo ni upendeleo wangu, sitaki mjadala). Colnago kwenye Master ya 1983 akaenda njia nyingine kabisa, mabomba ya Gilco yaliyobonyezwa mpaka ukiyakata yana umbo la nyota, hayo hata kipofu anayatambua kwa kushika, na mwishoni mwa miaka ya 80 akaleta foko la Precisa lenye miguu iliyonyooka wima, mwinamo wote umewekwa kwenye taji. Ukikuta Colnago inayodaiwa ya 1975 ina foko lililonyooka, foko hilo limetoka kwingine.

Dropauti, zile sahani ambazo ekseli za magurudumu zinakaa. Kwenye fremu ya mbio ya Kiitaliano ya kueleweka utakuta za Campagnolo za kufuliwa, mpasuo mrefu wa kulala, skrubu mbili ndogo zinatokea nyuma za kurekebisha gurudumu likae katikati. Hizo skrubu ni za 3 mm tu, zinapinda, zinapata kutu na kukatikia ndani, na kuzitoa bila kuharibu thredi ni mtihani, weka mafuta ya kupenya siku mbili kabla hujagusa bisibisi. Baadae mpasuo ukafupishwa. Gipiemme nao walitengeneza nzuri. Bati la kukatwa bapa bila unene, lisilo na hanga ya kwake ya kushikia direla (kibadilisha gia cha nyuma), hilo ni fremu ya bei ya chini hata kama stika inaimba. Hanga ya Campagnolo ilikatwa 10 mm kwa meno 26 ya inchi na direla za kisasa ni 10 mm kwa 1 mm, tofauti ni ndogo sana na kwa kawaida zinaingia, ila ukihisi inakaza usilazimishe.

Mwaka sasa. Hapa ndo lile suala la joto katikati ya bomba linarudi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70 Waitaliano walikwepa kuchomelea vitu kwenye mabomba, kwa hiyo leva za gia zilifungwa kwa kola ya kubana, waya wa breki ya nyuma ulishikwa na klipu tatu juu ya bomba la juu, chupa ya maji nayo kwa kola. Bomba tupu kabisa bila kitu chochote, hiyo ni dalili ya zamani. Halafu taratibu vikaanza kuota: vishikio vya leva, tundu mbili za chupa, mwongozo wa waya wa gia juu ya botomu braketi, mwisho wa muongo na kuingia miaka ya 80 miongozo ya waya wa breki imechomelewa, waya wa gia umehamia chini ya botomu braketi, na chupa ya pili imepata tundu zake. Angalia na daraja la breki ya nyuma, kama tundu lake ni pana upande mmoja kwa ajili ya nati ya kuzama ya aleni, fremu hiyo haijatoka miaka ya 60 labda mtu ameipanua. Hakuna kimojawapo kinachokupa mwaka kamili, karakana ndogo zilitumia vipuri mpaka viishe, na wateja waliomba wanachotaka. Namba za fremu nazo zisikupe matumaini makubwa, mara nyingi kilichogongwa chini ni saizi tu, na saizi yenyewe Muitaliano anapima toka katikati ya botomu braketi mpaka katikati ya bomba la juu wakati Mwingereza anapima mpaka juu, kwa hiyo 56 ya kwao ni kubwa kidogo kuliko 56 ya Mwingereza.

Wanaotaka kwenda L'Eroica, zile mbio za barabara za vumbi nyeupe za Gaiole in Chianti zilizoanza 1997, hii habari ya miaka ina maana kwao maana wanataka baiskeli ya 1987 kurudi nyuma, leva za gia kwenye bomba la chini, pedeli zenye kamba na waya za breki zinazopita nje ya usukani. Kwa bahati fremu ukishaisoma kama nilivyosema huwa inajibu hilo bila ubishi.

Kromu sitakaa nayo sana. Lagi za kichwa, taji, stei ya cheni ya kulia, wakati mwingine sehemu yote ya nyuma. Inapendeza na stei ya kulia inalindwa na cheni inayopiga. Shida yake ni asidi ya kuchovya ikibaki ndani ya bomba, kutu inaanzia huko na wewe unaona nje panameremeta tu. Gonga stei taratibu ukiwa umeinamisha fremu, ikimwaga unga mwekundu kwenye tundu la hewa fikiria mara mbili.

Ukishafurahi kwamba ni fremu ya kweli, sasa hakikisha ni nzima. Funga macho upitishe vidole chini ya bomba la chini, sentimita chache tu nyuma ya lagi ya kichwa, pole pole. Fremu iliyogonga kitu kwa mbele ina kavimbe pale, na mkunjo mdogo sana nyuma yake ambao jicho halioni hasa kama imepakwa rangi upya, kidole kinausikia mara moja. Bomba la juu pia pale pale. Kisha mzunguko wa botomu braketi upande wa cheni, mwisho wa stei za cheni zinapoingia dropauti, chini ya vishikio vya leva, na masikio ya bolti ya siti ambayo watu huyakaza mpaka yanapata ufa. Mstari mwembamba wa kutu uliopasua rangi kwenye mojawapo ya sehemu hizo nauchukulia ni ufa mpaka rangi ikwanguliwe na nithibitishe vinginevyo.

La mwisho ambalo naulizwa sana ni upana wa nyuma. Fremu za gia tano zina 120 mm kati ya dropauti, za gia sita na saba 126, na magurudumu ya kisasa ya mbio za breki za kawaida ni 130. Toka 126 kwenda 130 ni milimita mbili kila upande, chuma kinapanuka bila malalamiko, wengi wanasukuma gurudumu kwa mikono tu na wanatembea hivyo hivyo miaka. Mi napendelea kupanua kabisa ili nisipigane na stei kila pancha, upande mmoja kwanza kisha mwingine, kidogo kidogo, nikipima kwa uzi: unafunga dropauti ya kushoto, unazungusha kichwa cha fremu, unarudisha dropauti ya kulia, alafu unapima kutoka uzi mpaka bomba la siti pande zote mbili, zikilingana umemaliza na upande huo. Baada ya hapo dropauti zenyewe zinakuwa haziko sambamba tena, hata ukizitazama huoni, kwa hiyo zinyooshwe na hanga ya direla ikaguliwe pamoja nazo kabla hujafunga gia, la sivyo utapoteza wiki nzima ukilaumu direla. Toka 120 kwenda 130 kwenye fremu nzuri ya SL mi siifanyi, natafuta gurudumu la zamani.